Mzee anahisi ukimgusa vidole vya miguu?

SIMU ikiwekwa kwenye mtetemo, au saa ya kisasa ikitikisika mkononi, anayepokea ujumbe wa kwanza ni ngozi. Ndani yake kuna vipokezi vinavyoamka zaidi mtetemo unapofikia kati ya mara 200 na 300 kwa sekunde.

Lakini watu hawahisi sawa. Anayetembea au kupalilia mpunga hukosa mtetemo ambao angeuhisi akiwa ameketi. Umri nao hupunguza hisia. Wengine huhisi simu imetikisika kumbe iko kimya, kwa kuwa ubongo ulikuwa unaisubiri.

Hayo si ya kuogopa. Cha kuogopa ni ganzi ya miguu.

Kisukari huharibu mishipa ya fahamu, mara nyingi kuanzia vidole vya miguu. Katika bonde la Kilombero, ambako wengi huingia majaruba ya mpunga miguu peku, asiyehisi anaweza kukanyaga mwiba na kuendelea na kazi. Kidonda huonekana kikiwa kimeshaoza, na wengine huishia kukatwa mguu.

Ifakara inaijua ganzi tangu zamani. Kituo cha Nazareti kilihudumia wagonjwa wa ukoma, ugonjwa ambao nao huua hisia. Leo ukoma unatibika kwa dawa za bure za miezi 6 au 12, hivyo baka lisilohisi likionekana mwilini, usisubiri.

Hospitalini, mhudumu huweka chuma kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde kwenye kidole gumba cha mguu. Nyumbani kipo kipimo rahisi kilichobuniwa Ipswich, Uingereza. Mzee afumbe macho. Mguse taratibu, kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho katika kila mguu. Usibonyeze wala kupapasa. Aseme "kulia" au "kushoto" kila anapohisi. Akikosa mara mbili au zaidi kati ya sita, mpelekeni kituo cha afya.

Mwenye ganzi akaguliwe nyayo kila jioni, avae viatu vilivyofunika vidole, na asiote moto miguu: ataungua bila kujua. Kabla hajavaa buti za shambani, apitishe mkono ndani. Kokoto moja inatosha kuanzisha kidonda.