Mume Mwenye Duka, Mke wa Kaunta (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulieleza jinsi kesi ya talaka inavyofunguliwa. Leo tuingie dukani.

Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kuzinduliwa mwaka 2012, Murera yetu ya Kiambu imebadilika sura. Kahawa imeng'olewa, ploti za futi 50 kwa 100 zimepigwa vigingi, na penye ujenzi hapakosi hadiwea. Mabati yameegemea ukutani, saruji imepangwa ndani kwenye mbao isishike unyevu, lori la mawe limeegeshwa nje. Tuseme wenye duka kama hilo wanaachana. Leseni ya kaunti, nambari ya Lipa na M-Pesa na kitabu cha lori vyote vina jina la mume. Mke amekaa kaunta miaka kumi na miwili, wala ubao wa mlangoni haumtaji.

Wengi walio katika hali hiyo huuliza, "Lakini si nusu ni yangu?" Sivyo moja kwa moja. Kifungu cha 45 cha Katiba kinawapa wanandoa haki sawa ndoa inapofungwa, inapoendelea na inapovunjika. Ila tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa huo hauna maana ya kukata mali katikati. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Katika kesi yenyewe wahusika walibaki na nusu kwa nusu, na ndiyo maana kijiweni uamuzi huo husimuliwa nusunusu.

Habari njema ni kwamba mchango si pesa tu. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria iliyohusu shamba la Tigoni, hapa hapa Kiambu, Mahakama ya Rufaa ilimpunguzia mke kutoka nusu hadi robo, na kazi ya nyumbani haikuhesabiwa. Bunge lilikuja kujibu kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, inayotaja kulea watoto, kutunza nyumba, kumliwaza mwenzako, kazi ya shamba, na pia kusimamia biashara ya familia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya mke wa kaunta.

Sasa ayathibitishe kwa kitu gani? Kwa kaunta buku. Lile daftari jeusi lenye pembe zilizokunjika: fundi fulani, nondo sita, misumari kilo mbili, salio atalipa Jumamosi, pembeni alama ya tiki na sahihi. Mwandiko ni wa nani? Nani alipokea saruji alfajiri akatia sahihi kwenye karatasi ya mzigo? Nani alitumiwa ujumbe na msambazaji kuhusu bei mpya? Shahidi anaweza kusahau au kuhongwa soda. Mwandiko wa miaka kumi na miwili haubishiwi kirahisi. Piga picha kurasa hizo ungali na ufunguo wa duka. Lakini usivunje nywila ya simu ya mumeo wala kuingia barua pepe yake: tangu 2018 kuna sheria ya makosa ya mtandao, na mwenye haki anaweza kujikuta mshtakiwa. Zipo njia za kuiomba mahakama imwamuru azitoe hati zake.

Pili, jua duka limesajiliwaje. Likiwa jina la biashara tu, duka na mwenyewe ni kitu kimoja mbele ya sheria. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinachukulia kwamba kilichopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja amekishika kwa niaba ya mwenziwe pia, mpaka athibitishe vingine. Ikiwa lilikuwepo kabla ya harusi, kifungu cha 9 kinampa mke sehemu inayolingana na alichochangia kulikuza.

Likiwa kampuni, mambo hubadilika. Tangu kesi ya Salomon iliyoamuliwa huko Uingereza mwaka 1896, kampuni ni mtu wake mwenyewe. Lori la kampuni si la mume, cha mume ni hisa. Kwa hiyo omba hati ya CR12 ya kampuni hiyo kupitia eCitizen uone wenye hisa ni kina nani. Wapo wanaoanza kuhamishia hisa kwa kaka zao pindi ndoa inapotikisika, na tarehe za usajili huwaumbua.

Halafu kuna thamani. Mwenye duka akishtakiwa, biashara hulala ghafla. Mimi hupenda kuuliza: alipoomba mkopo benki au kwenye sacco, aliandika mauzo ya kiasi gani? Mtu yule yule aliyejaza fomu ya mkopo kwa herufi kubwa hujaza hati ya kiapo kwa herufi ndogo. Weka fomu hiyo kando ya ankara za wasambazaji, taarifa ya M-Pesa na ritani za KRA, umpe mhasibu. Na usisahau madeni ya mafundi yaliyomo kwenye kaunta buku. Nayo ni mali.

Ploti ilipojengwa duka au nyumba za kupangisha isiachwe wazi. Mali ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzako, lakini mnunuzi hajui ndoa yenu. Nenda masjala ya ardhi inayotunza hati hiyo ukaandikishe tahadhari. Ukitaka mahakama itamke haki zako kabla ya talaka, kifungu cha 17 kinakuruhusu. Kugawana ndiko kunakongoja talaka. Mali isiyozidi shilingi milioni 20 hakimu mkuu anaweza kuisikiliza. Waislamu wao wanaweza kuongozwa na sheria ya dini yao.

Kisha jambo chungu. Kifungu cha 10 kinagawanya pia madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya ndoa, sawa kwa sawa. Kama ulimdhamini mumeo kununua lori, sahihi yako haifi na talaka. Mwandikie mkopeshaji akueleze salio, na deni hilo liingie kwenye hesabu kabla hamjakubaliana lolote.

Mwanamke mwenye duka anayeachwa na mume aliyekuwa akimwendeshea lori asome haya yote kinyumenyume. Sheria haina jinsia.

Wiki ijayo: matunzo ya watoto pale baba anaposema duka limelala.