Umechangia karo ya mtoto wa kijijini? Hakikisha imefika shuleni

Januari ikikaribia, simu zetu Wakenya hubadilika. Unaamka asubuhi unakuta umeongezwa kwenye grupu mbili za WhatsApp ambazo hukuomba kuingia. Moja ni ya mtoto wa jirani wa kule ushago aliyepita mtihani na hana karo. Nyingine ni ya shule ya msingi uliyosoma, paa limeng'olewa na upepo. Unatoa mia mbili hapa, mia tano pale, unaandika "Mungu abariki", unaendelea na shughuli zako.

Swali letter leo ni dogo tu: ile mia tano ilifika?

Nitakuambia kwa nini nauliza. Miaka michache iliyopita, sisi vijana wa kijiji kimoja huko Kitui tulimchangia msichana wa jirani aliyekuwa ameitwa shule ya bweni. Tulichanga siku kumi. Pesa zilikuwa zinaingia kwa laini ya jamaa yetu mmoja ambaye sote tunamwamini, na mpaka leo tunamwamini, kwa sababu hakuiba hata shilingi. Shida ni kwamba laini hiyo ilikuwa na deni la mkopo wa simu. Kila mchango ulipoingia, deni likajikata lenyewe. Kufikia siku ya kuripoti, kiasi kilichokuwa kwenye orodha ya grupu na kilichokuwa kwenye simu havikulingana. Jamaa aliona aibu kusema, akaanza kutafuta pesa za kujazia kimyakimya. Msichana akaripoti wiki tatu baada ya wenzake.

Hakukuwa na mwizi hapo. Kulikuwa na njia mbaya ya kukusanya pesa. Basi leo tuongee kuhusu njia nzuri.

Kwanza, elewa unachangia nini

Watu wengi huuliza, "Si masomo ni ya bure?" Ndiyo, lakini si yote. Karo ya shule za msingi za umma iliondolewa mwaka wa 2003, na mwaka wa 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Kwa sekondari, mgao uliowekwa ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Pesa hizo huenda moja kwa moja shuleni, na mara nyingi huchelewa.

Zinazobaki kwa mzazi ni hizi: sare, chakula cha mchana, nauli, na kama ni bweni, malazi na chakula cha muhula mzima. Mwongozo wa karo wa serikali uliotumika kwa miaka mingi unaweka shilingi 53,554 kwa mwaka kwa shule za bweni za kitaifa, na 40,535 kwa shule nyingi nyingine za bweni. Ongeza godoro, sanduku la chuma, blanketi, viatu na vitabu. Kwa mzazi wa Kitui, Turkana au Kilifi anayetegemea mvua na mbuzi wachache, orodha ya vitu vya siku ya kwanza peke yake inaweza kumzuia mtoto kuripoti hata kama karo imepatikana.

Kwa hivyo kabla ya kuchanga, omba kuona barua ya kujiunga na shule. Barua hiyo ina jina la mwanafunzi, kiasi cha karo kwa kila muhula, orodha ya vitu vinavyohitajika, na nambari ya kulipia. Grupu ikikuambia "mtoto anahitaji elfu themanini" na barua inasema vingine, uliza. Kuuliza si uchoyo.

Lipa shule, usilipe mtu

Siku hizi shule nyingi zina nambari ya Paybill au akaunti ya benki inayopokea malipo kutoka kwa simu. Ukilipa kwa njia hiyo, mambo matatu hutokea kwa faida ya mtoto.

Moja, pesa haziguswi njiani. Hakuna deni la mtu la kujikata, hakuna dharura ya nyumbani ya kuzimega.

Mbili, hakuna ada ya kutoa. Ukimtumia mzazi kwa simu yake, lazima aende kwa ajenti, atoe, akatwe ada, kisha apande boda boda kuzipeleka benki. Ndiyo maana tunasikia ile "tafadhali tuma na ya kutoa". Ukilipa Paybill ya shule moja kwa moja, pesa ya kutoa na ya boda zinabaki kununua sabuni.

Tatu, malipo yanaandikwa kwa jina la mwanafunzi. Lakini hapa ndipo wengi hukosea, kwa hivyo soma polepole:

1. Chukua nambari ya Paybill kutoka kwa barua yenyewe au kwa kupigia ofisi ya shule. Usiinakili kutoka kwa ujumbe uliosambazwa mara ishirini.
2. Mahali pa nambari ya akaunti, weka nambari ya usajili ya mwanafunzi, vile shule ilivyoelekeza. Shule nyingine zinatumia benki, na mahali hapo unaweka nambari ya akaunti ya shule ikifuatwa na ya mwanafunzi. Ukiandika "karo" au jina lako mwenyewe, pesa zitafika shuleni lakini hazitajua ni za nani.
3. Weka kiasi. Kabla ya kukamilisha malipo, angalia jina linalotokea. Je, ni la shule? Kama ni la mtu binafsi, simama hapo hapo.
4. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Ule msimbo wa herufi na tarakimu ndio ushahidi wako.
5. Mtumie mzazi msimbo huo, naye aombe risiti kwa mhasibu wa shule. Ujumbe wa simu unaonyesha pesa zimetoka kwako. Risiti inaonyesha shule imezipokea na kuziandika kwa mtoto huyo.

Ukikosea nambari, usingoje kesho. Piga huduma kwa wateja mara moja ukiwa na msimbo wa muamala. Pesa iliyokwenda kwa laini ya mtu ikishatumika, kuirudisha ni kazi ngumu.

Mkiwa kikundi: mia moja ina nguvu, lakini ianze mapema

Harambee ni yetu tangu zamani. Miaka ya 1960 na 1970 vijiji vingi vya Kenya vilijijengea shule vyenyewe, watu wakileta mawe, mchanga, kuku na sarafu. Tofauti ya leo ni kwamba beseni la mchango liko mfukoni mwako. Kosa letter ni kulitoa Januari pekee.

Hebu tupige hesabu. Chukua ile karo ya 40,535. Watu 34 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, kwa mwaka wanapata 40,800. Mtoto mmoja amelipiwa mwaka mzima, na hakuna aliyeumia.

Lakini karo hailipwi sawa kila muhula. Kwa mwongozo huo, muhula wa kwanza ni asilimia 50, wa pili 30, wa tatu 20. Maana yake Januari mnahitaji takriban shilingi 20,268 mara moja. Mkianza kuchanga Januari mtakuwa na 3,400 tu, na mtoto atakuwa nyumbani. Mkianza Agosti, kufikia Januari mtakuwa mmechanga mara sita: shilingi 20,400. Muhula wa kwanza umeisha kulipwa kabla presha haijaanza. Michango ya Februari hadi Mei inamaliza muhula wa pili, na ya Juni na Julai inamaliza wa tatu.

Ndiyo sababu tunasema anzeni mapema. Mtoto akiwa Gredi ya 9 mwezi wa Agosti, tayari mnajua mwaka ujao ataingia Gredi ya 10. Si dharura hiyo. Ni jambo lililo kwenye kalenda.

Na kwa usalama wa kikundi chenu:

- Msikusanye kwa laini ya mtu binafsi anayoitumia kila siku. Fungueni akaunti ya kikundi au Paybill ya kikundi, yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Kama bado hamna uwezo huo, tafuteni laini mpya isiyo na mkopo wowote, itumike kwa mchango tu.
- Mhazini awe mmoja, na anayekagua awe mwingine.
- Kila Ijumaa, orodha iwekwe kwenye grupu: nani ametoa, jumla ni ngapi, zimelipwa wapi. Skrinishoti ya salio peke yake haitoshi. Wekeni taarifa ya miamala.
- Mkimaliza, onyesheni risiti ya shule. Mchango usio na risiti ya mwisho ndio huua mchango unaofuata.

Mkisaidia shule yenyewe

Wakati mwingine hitaji si la mtoto mmoja. Ni tangi la maji, madawati, vyoo vya wasichana, au jiko la chakula cha mchana. Hapa pia kuna mpangilio. Kila shule ya umma ina bodi ya usimamizi, ile tunayoiita BOM. Ongeeni na mwalimu mkuu na bodi pamoja, si na mtu mmoja anayesema "nitawafikishia".

Ulizeni maswali manne. Je, bodi imekubali mradi huu? Bei imetoka kwa muuzaji gani, na kuna bei ya pili ya kulinganisha? Nani atautunza baada ya sisi kuondoka? Serikali ya kaunti au hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, imeshatenga pesa za kitu hicho hicho? Hilo la mwisho ni muhimu. Hakuna haja ya kujenga darasa ambalo tayari limetengewa pesa, wakati shule haina maji.

Pale inapowezekana, lipeni muuzaji moja kwa moja kwa nambari yake ya Till, na bodi itie sahihi kwamba bidhaa imefika. Na msidharau vitu vidogo. Nauli ya mwalimu wa muda, unga wa uji na taulo za hedhi haviwekewi kibao cha jina mlangoni, lakini humweka mtoto darasani.

Jihadhari na matapeli

Penye wema, matapeli hawako mbali. Ishara hizi zikujulishe:

- "Umechaguliwa kupata basari, tuma 500 ya kushughulikia fomu." Fomu za basari za NG-CDF na za kaunti hazilipiwi kwa laini ya mtu. Basari huenda shuleni kwa jina la mwanafunzi, si kwa simu yako.
- Mtu anajiita mwalimu mkuu na anasema Paybill ya shule imeharibika, tuma kwa nambari hii. Piga simu ya ofisi iliyo kwenye barua.
- Unapata ujumbe kwamba umetumiwa pesa kimakosa, kisha mtu analia umrudishie ni karo ya mtoto. Angalia salio lako kwanza. Kama kweli zimeingia, mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Usitume mwenyewe.
- Yeyote anayekuuliza PIN. Sisi hatuulizi PIN, na hakuna mchango wowote unaoihitaji.

Mlinde mtoto pia

Jambo la mwisho, ambalo hatulisemi vya kutosha. Picha ya mtoto akiwa amevaa sare iliyochanika, na jina lake kamili, shule yake, na simu ya mama yake, ikisambazwa kwenye grupu kumi, hairudi tena. Mtoto huyo ataingia bwenini na kukuta wenzake wameiona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata bila sheria, hebu jiulize: ningependa picha hiyo iwe yangu?

Barua ya shule inatosha. Onyesheni wanaochanga, ficheni nambari ya usajili mpaka wakati wa kulipa, na mwachieni mtoto heshima yake.

Yule msichana wa Kitui alimaliza sekondari. Grupu yetu bado ipo, ila sasa inakusanya kwa akaunti ya kikundi, tunaanza Agosti, na jamaa yetu aliyekuwa na deni ndiye mkaguzi. Anasema hakuna anayejua vizuri kuliko yeye mahali pesa hupotelea.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe na tundu. Leo, kabla hujachanga tena, fungua ujumbe wa mchango wako wa mwisho, mpigie mzazi au shule, uliza kama risiti ilitoka. Ikiwa ilitoka, hongera. Ikiwa haikutoka, bado una msimbo, na sasa unajua pa kuanzia.