Wizi kwa njia ya simu: namna ya kushtaki wakati pesa imekwisha kwenda

Ujumbe unaingia kwenye simu: umepokea franga 85 000. Dakika mbili baadaye mtu anapiga, sauti ya huzuni: « Mama, samahani, nimekosea namba. Hiyo ni pesa ya dawa ya mtoto, unirudishie tafazali. » Mwenye simu anamuhurumia, anarudisha. Akitazama salio lake, anakuta hakuna kilichoingia. Ule ujumbe haukutoka kwa kampuni ya simu. Mwizi aliuandika mwenyewe na kuutuma kwa namba ya kawaida.

Wakaaji wa Butembo, Beni, Bunia ao Kalemie wanaijua hadisi hii, na zingine za namna yake: kazi ya uongo katika shirika la kimataifa, ambayo mwenye kuomba anadaiwa kwanza « pesa ya dosie », ingawa mashirika ya Umoja wa Mataifa hayaombi hata franga moja kwa mtu anayetafuta kazi, ao rafiki anayeomba umutumie hesabu 6 zilizoingia kwenye simu yako, kumbe ndizo zinazofungua WhatsApp yako kwenye simu ingine. Huko Goma na Bukavu mambo yalizidi kuwa magumu tangu mabenki yalipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, M23 ilipoingia katika miji hiyo. Akiba ya familia nyingi ilibaki ndani ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na wezi wanafuata pesa mahali ilipo.

Wengi wanaoibiwa wanalalamika kwa mwenye kabine, kisha wananyamaza. Wengine wanaona haya. Lakini sheria ipo. Udanganyifu wa kuchukua mali ya mtu unaazibiwa na kifungu cha 98 cha kitabu cha sheria za azabu: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5, pamoja na faini. Tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna pia sheria nambari 23/010, ile inayoitwa Code du numérique, inayoazibu kuingia katika kompyuta ao akaunti ya mtu bila ruhusa, na kumusumbua ao kumutisha mtu kwa njia ya mtandao.

Saa ya kwanza ndiyo yenye maana zaidi. Pigia huduma ya wateja ya kampuni yako, ao nenda kwenye ofisi yao na kadi yako ya uchaguzi, uombe wazuie ile pesa. Ikiwa mwizi hajaitoa bado, kuna nafasi. Ikiwa amekwisha kuitoa, kampuni haitakupa jina lake, hata ukilia mbele yao: jina la mwenye namba linatolewa kwa ombi la viongozi wa sheria. Ndiyo sababu lazima kufika mbele yao.

Usifute kitu. Ujumbe wa kutuma pesa una nambari ya kitendo, tarehe, saa na namba iliyopokea. Hiyo nambari ndiyo ushahidi wa kwanza. Piga picha ya mazungumuzo yote, na uandike saa alizokupigia. Anayetishwa kwamba picha zake za siri zitatangazwa afanye vilevile, na asilipe: mwizi aliyelipwa mara moja anarudi.

Kisha nenda kwa OPJ kwenye komisariati ya polisi, ao upeleke barua kwa mkuu wa parke ya mahali ulipokuwa wakati ulipotuma pesa. Unaweza kushtaki hata kama humujui mwizi. Kwa lugha ya parke inaitwa plainte contre inconnu. Eleza mambo kwa utaratibu wa siku, uongeze nakala za ushahidi. OPJ ataandika PV. Uisome mbele ya kutia sahihi, na uombe nambari ya dosie, maana bila hiyo utazungushwa kutoka ofisi moja hadi ingine. Kusikilizwa na kuandikiwa PV si kitu cha kununua, hata kama wengi wanasema waliombwa pesa ya karatasi ao ya usafiri.

Ni kweli pia kwamba hata dosie iliyofunguliwa vizuri inaweza kukwama. Namba nyingi za wezi ziliandikishwa kwa jina la mtu mwingine, kadi za SIM zikiuzwa barabarani. Huko Goma na Bukavu, mahakama na parke za serikali ya Kinshasa hazifanyi kazi kama zamani. Aliyeibiwa huko atunze ushahidi wake wote mahali salama, hata nakala kwa ndugu aliye mji mwingine. Kwa kosa la kifungu cha 98, haki ya kumufuata mwizi inaisha kiisha miaka 3.