Penye Njaa ya Hewa Ndipo Chuma Kinapoliwa

Msomaji wetu anayeishi Leicester, Uingereza, ametuandikia kuhusu magari mawili. Anatafuta gari-nyumba la mtumba, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, atembee nalo huko msimu mmoja kisha alishushe Mombasa. Yote mawili yamejengwa juu ya Fiat Ducato. La kwanza limepakwa rangi nyeusi nzito uvunguni, mpya kabisa, halina doa. La pili lina vipele vya kahawia kwenye ekseli na kwenye bomba la moshi. Anauliza: si achukue tu lile jeusi?

Ushuru, sheria ya Kenya ya magari yasiyozidi miaka 8, hali ya injini na gia: hayo yana wataalamu wake, na kusema kweli yananichosha. Mimi nataka tulale chali chini ya gari, kwa sababu huko kuna jambo moja la kikemia ambalo sijawahi kulichoka. Kutu huonekana mahali pamoja, na chuma huliwa mahali pengine.

Aliyelionyesha hili kwa uzuri kuliko wote ni Ulick Evans, mkemia wa Cambridge aliyezaliwa 1889 na kufariki 1980. Katika miaka ya 1920 alichukua bamba la chuma lililosuguliwa vizuri, akadondosha juu yake tone la maji ya chumvi. Ndani ya maji alikuwa ametia dawa mbili: moja hugeuka buluu ikikuta chuma kilichoyeyuka, nyingine hugeuka waridi ikikuta alkali. Mwanzoni vidoa vya buluu na waridi vilitokea ovyo ovyo, huku na huku. Kisha vikajipanga. Katikati ya tone pakawa buluu, ukingoni pakawa waridi, na baina yao ikajichora pete ya kahawia. Pete hiyo ndiyo kutu. Chini yake hapakuwa na shimo la maana; shimo lilikuwa linachimbika katikati, kwenye buluu, ambako jicho halioni kutu yoyote.

Sababu ni oksijeni. Ukingoni maji ni membamba, hewa huingia kila wakati. Katikati kuna kina. Oksijeni iliyokuwemo huisha, na nyingine inachelewa kufika. Wahandisi wana jina refu la kisomi kwa tofauti hii. Nilijaribu kuunda “utofautihewa” likanikwama kooni. “Upungufu wa hewa” linafaa hospitali zaidi kuliko gereji. Nimeamua kuiita njaa ya hewa, na asiyelipenda jina hili alete lake.

Basi fikiria ukoo wenye shamba bara na nyumba mjini. Mali iko shambani, ulaji uko mjini. Kila wa mjini wanapohitaji kitu, ng'ombe mmoja hutolewa zizini, thamani yake ikatumwa kwa simu na kuliwa papo hapo. Fedha hizo ni elektroni, na mtandao wa simu ni chuma chenyewe, maana elektroni hupita ndani ya bati bila shida. Mjini ni pale penye oksijeni, kwa kuwa oksijeni ndiyo inayozipokea. Shambani ni pale penye njaa ya hewa. Ng'ombe ni atomu ya chuma: ikishatoa elektroni zake mbili, hung'oka na kuingia majini. Lakini ng'ombe hasafiri kwa simu. Yeye huswagwa kwa miguu, kwa njia ya maji, kuelekea mjini, na njiani hukutana na wachinjaji waliotoka mjini, yaani hidroksidi. Hapo katikati ya njia ndipo anapoangukia, na mifupa yake ndiyo kutu unayoiona. Mgeni anayepita njia hiyo ataona mifupa. Zizi linavyopungua haoni.

Sasa utaelewa kazi ya chumvi, ikiwemo ile inayotiwa kwenye barabara za Uingereza majira ya baridi. Maji ya mvua ni njia ya udongo, ng'ombe wanapita kwa kusuasua. Maji ya chumvi ni lami. Utaelewa pia kwa nini shimo dogo huwa na kina cha kutisha. Mji ukiwa mkubwa na shamba likiwa dogo, zizi moja linalisha watu wengi, nalo humalizika upesi. Bati kubwa lenye hewa tele, na chini ya tope ukubwa wa sarafu tu pasipo na hewa: hapo bati litatoboka. Na zinki je? Zinki ni mjomba mwenye mifugo mingi aliyehamia kwa ukoo huo. Yeye hutoa ng'ombe wake kwanza, na mpaka amalizike, zizi la chuma haliguswi. Ndiyo maana chasisi za kampuni ya AL-KO ya Ujerumani, ambazo katika magari-nyumba mengi hufungwa nyuma ya kichwa cha Ducato, huchovywa nzima katika zinki iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 450 hivi. Ukiona chasisi ya kijivu iliyofifia, shukuru. Mjomba bado yupo.

Turudi kwa magari mawili. Vipele vya kahawia kwenye ekseli nene, mahali pa wazi panapopigwa na upepo, ni chuma kinacholiwa polepole na kwa usawa. Ekseli hiyo ina unene wa kutosha kuvumilia miaka. Bomba la moshi nalo huota kutu kila siku ya maisha yake. Rangi nzito nyeusi ni habari nyingine. Ikipakwa juu ya chuma safi na kikavu, ni kinga nzuri. Ikipakwa juu ya kutu na chumvi, kisha ikapasuka upande mmoja, maji yataingia chini yake na hewa isiingie vya kutosha. Mwenye gari atakuwa amejijengea tone la Evans la mita nzima. Kwa hiyo rangi mpya ya wiki ya mauzo mimi huihesabu kuwa dosari mpaka muuzaji atoe picha za uvungu kabla haujapakwa. Asipokuwa nazo, ningeanza na lile la vipele.

Magari haya yana udanganyifu mwingine. Sehemu ya juu ya gari-nyumba kwa kawaida ni fibaglasi au alumini, haioti kutu, basi gari linaweza kupendeza juu huku chini likimomonyoka. Kilomita chache nazo zisikuleweshe. Gari lililokaa miezi kumi kwenye nyasi mbichi limekuwa likipokea mvuke wa ardhi usiku na mchana. Kutu haisomi mita ya kilomita, inahesabu majira ya baridi.

Ukilala chini na tochi, usianze na penye rangi ya kahawia. Anza na maungio, pale mabati mawili yalipolaliana na kuchomelewa. Kutu hujaza nafasi mara mbili na zaidi ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo maungio yanayoliwa ndani huvimba na kufunguka midomo. Pitisha kidole; kikikwama kwenye uvimbe, gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia, bati lililoliwa huitika kwa sauti iliyokufa. Kisha tafuta matundu ya kutolea maji chini ya vizingiti vya milango. Yakizibwa na tope, ndani ya kizingiti kumekuwa dimbwi. Angalia vishikio vya springi za nyuma, ngazi ya mlangoni, na pale maji machafu ya jikoni yanapomwagikia, maana kuna wenye tabia ya kuyaachia yadondoke kwenye chasisi miaka nenda rudi.

Mabomba ya breki yanahitaji dakika zake peke yake. Yatazame chini ya vishikizo vya plastiki vinavyoyabana, siyo baina yake. Kishikizo hufungia maji na kuzuia hewa. Bomba likiwa safi urefu wote, linaweza kuwa limebaki jembamba hapo tu, na siku ya kukanyaga breki kwa nguvu ndipo litakapopasuka.

Kwa bahati, Uingereza inampa mnunuzi msaada wa bure. Kila gari lililopita miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi uitwao MOT, na ukiwa na namba ya gari unaweza kusoma historia yake mtandaoni. Mkaguzi hutazama kutu iliyo ndani ya sentimita 30 za sehemu zinazoshika mikanda, springi, usukani na breki. Soma zaidi maonyo kuliko kufaulu. “Bomba la breki limeanza kutu” likiandikwa mwaka mmoja na kutoweka mwaka unaofuata, uliza risiti ya bomba jipya. Anayeagiza kutoka Japani asijione salama: Hokkaido nako barabara hutiwa chumvi, na kwenye karatasi ya mnada herufi S ni kutu, C ni chuma kilichokwisha kuliwa.

Chumvi ya barabara za Uingereza huchimbwa chini ya ardhi, nyingi ikitoka Winsford, mgodi ulioanza 1844. Ni chumvi ileile ya mezani, na ina tabia ambayo kila jiko la pwani linaijua: unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75 hivi, hunyonya maji na kulowa yenyewe, bila mvua. Usiku wa Mombasa huvuka kiwango hicho bila jitihada. Chembe zilizojificha ndani ya chasisi huko Leicester, zikiwa kavu au zimelala kwa baridi, zitaamka Nyali, Mombasa, na joto juu yake.

Kwa hiyo, gari lolote atakalochagua, alioshe kabla halijapakiwa melini: maji matamu, mengi, yasukumwe ndani ya matundu ya chasisi na vizingiti mpaka yatoke meupe. Likauke siku kadhaa chini ya paa, si juu ya nyasi. Kisha fundi apulizie nta laini ndani kwa mrija mwembamba. Nta hiyo hujipenyeza kwenye maungio na haipasuki kama ile rangi nzito. Kazi yote ifanyike huko huko Uingereza, kwani melini gari litakaa wiki kadhaa katika hewa ya bahari.