Programu huria: Ni nani hulipia ubunifu usiouzwa?

MNAMO Februari 1976, Bill Gates, akiwa na umri wa miaka 20 tu, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta nchini Marekani barua ya wazi, akiwakemea kwa kunakili programu ya kampuni yake bila kuilipia. Iwapo mwandishi wa programu halipwi, alihoji, nani atakubali kutumia miezi akiandika nyingine iliyo bora?

Hoja hiyo ingali nguzo ya programu za kibiashara. Kampuni huuficha msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, kisha ikauza leseni ya kuutumia.

Hata hivyo, mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza kuugawa bure msimbo wa mfumo wa Linux. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni ya GPL, inayomtaka yeyote anayeurekebisha na kuusambaza autoe kwa masharti yayo hayo. Walioitikia kwanza walisukumwa na mapenzi ya kazi na haja ya kujijengea jina. Kisha zikaja kampuni kubwa, nazo hazikuja kwa ukarimu. IBM iliuza mashine na huduma. Mfumo unaogharimiwa kwa pamoja na washindani uliipunguzia mzigo. Mwaka 2019 iliinunua Red Hat, iliyotajirika kwa kuhudumia watumiaji wa programu huria, kwa dola bilioni 34. Hata Microsoft, ambayo mkuu wake Steve Ballmer aliifananisha Linux na saratani mwaka 2001, ilijiunga na shirika la Linux Foundation mwaka 2016.

Je, Gates alikosea? Si kabisa. Pasipo na bidhaa ya kuuza kando ya msimbo, mlipaji huadimika. OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano, ilitumiwa na sehemu kubwa ya tovuti duniani. Aprili 2014 ilipofichuliwa kasoro ya Heartbleed, iliyowezesha wadukuzi kuchota nywila, ilibainika kuwa wahusika walipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Kasoro hiyo ilikuwamo kwa miaka miwili, machoni pa kila mtu.

Mwezi uo huo, Google, Facebook, Microsoft na wenzao walichangia mfuko wa kuwalipa watunzaji wa programu za aina hiyo. Lakini kasoro ya Log4j ilipozuka Desemba 2021, waliokesha wakiirekebisha walikuwa, kwa mara nyingine, watu wa kujitolea.