Tuta la Bahari Halilindwi na Mtu Mmoja

Ndugu mkulima, leo tutazungumza juu ya mashamba yaliyonyang'anywa bahari. Wewe wa pwani pengine umezoea kinyume chake: maji ya bamvua yanaingia bondeni, mpunga unaungua kwa chumvi, na msimu unaofuata hakioti kitu cha maana. Wakulima wa Pemba na wa delta ya Rufiji wanayajua hayo. Basi tuitazame nchi moja ambayo wakulima wake wamepambana na bahari kwa mamia ya miaka, tuone wanafanyaje.

Nchi hiyo ni Uholanzi, huko Ulaya. Karibu robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Mahali pa chini kabisa ni zaidi ya mita 6 chini ya usawa huo. Ukisimama pale, bahari iko juu kuliko paa la nyumba yako! Lakini katika nchi hiyo ya bondeni watu wanalima viazi, ngano na vitunguu, tena wanavuna vizuri.

Je, shamba la namna hii hutengenezwaje? Kazi ni tatu.

Kwanza ni kujenga tuta. Hapa hatuna maana ya matuta ya viazi. Tunasema tuta kubwa la udongo, refu kama barabara, linalozunguka bonde lote. Upande wa bahari hufanywa mteremko wa polepole, ili wimbi lipande na kuchoka. Upande wa shambani nao usiwe wima, na sababu yake utaiona baadaye. Mwaka 1932 Waholanzi walimaliza tuta la kilomita 32 lililoziba ghuba nzima, iliyoitwa Zuiderzee. Mhandisi Cornelis Lely ndiye aliyechora mpango huo. Ndani ya ghuba hiyo, vipande vikubwa vimekaushwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 1986 sehemu ya nchi hiyo mpya ikawa mkoa kamili, mkoa wa Flevoland.

Pili ni kutoa maji. Tuta huzuia maji ya nje, lakini mvua inanyesha ndani, na maji mengine hupenya chini kwa chini. Zamani walifungua milango ya maji wakati wa maji kupwa na kuifunga yakijaa. Lakini udongo uliokaushwa hunywea na kudidimia, hasa udongo wenye mboji nyingi. Kadiri miaka ilivyopita, mashamba yakawa chini zaidi na maji hayakutoka tena yenyewe. Ndipo wakatumia vinu vya upepo, baadaye mashine za mvuke, na siku hizi pampu za dizeli na umeme. Pampu hizo zikizimwa kwa muda mrefu, maji yanarudi.

Tatu ni kutoa chumvi. Udongo wa mfinyanzi ulionyweshwa maji ya bahari huharibika: ukilowa unakuwa kama uji, ukikauka unakuwa kama tofali. Mkulima akiharakisha kuulima ukiwa umelowa, anauharibu zaidi. Waholanzi humwaga jasi, ambayo huiondoa chumvi kwenye chembe za udongo. Kisha mvua huiosha na mitaro huipeleka nje. Pasipo mtaro, ndugu yangu, chumvi haina pa kwenda. Mazao ya mwanzo nayo huchaguliwa, kama shayiri, ambayo huvumilia chumvi kuliko mengine.

Haya, tumejenga, tumekausha, tumeosha. Kazi imekwisha? La! Sasa ndiyo inaanza. Tuta huliwa na mvua, hutobolewa na panya, hupasuka wakati wa kiangazi. Nani atalitengeneza?

Tangu karne ya 13 wakulima wa Uholanzi waliunda mabaraza ya maji. Kila mwenye shamba alipewa kipande chake cha tuta akitunze, na wakaguzi walipita kukitazama. Palikuwa na desturi kali: mkulima aliyeshindwa kutunza kipande chake alichomeka sepetu yake juu ya tuta na kuondoka. Atakayeichomoa sepetu hiyo ndiye atakayechukua shamba, pamoja na mzigo wa kulitunza tuta. Ilikuwa sheria ya ukali, lakini sababu yake ni wazi. Maji hayaingii mahali tuta lilipo imara. Huingia penye kipande cha mvivu, kisha huzamisha mashamba ya wote. Siku hizi watu hulipa kodi ya maji badala ya kubeba udongo, na mabaraza hayo bado yapo. Leo ni 21, na wajumbe wengi huchaguliwa kwa kura.

Hata hivyo nao walipatwa na msiba. Usiku wa tarehe 31 Januari kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ilikutana na bamvua. Matuta mengi ya kusini-magharibi yalikuwa mafupi mno, na wataalamu walikuwa wameonya. Maji yalipita juu, yakamomonyoa upande wa shambani uliokuwa wima, na tuta likaanguka kutoka nyuma. Watu 1,836 walikufa. Ndiyo sababu ya mteremko wa ndani tuliousema pale mwanzo.

Sasa wewe, ndugu mkulima, ufanye nini? Hatukuambii ukajenge kilomita 32. Lakini kama kijiji chenu kina tuta la kuzuia maji ya chumvi, shikeni haya:

1. Likagueni pamoja kabla ya kila bamvua kubwa. Tundu la panya lizibwe siku hiyo hiyo.

2. Pandeni nyasi juu yake, msiache udongo mtupu. Waholanzi hulisha kondoo juu ya matuta yao: meno hufupisha nyasi na kwato hushindilia udongo.

3. Safisheni mitaro na mlango wa maji kabla ya masika, ili mvua ioshe chumvi.

4. Msikate mikoko iliyo mbele ya tuta. Hiyo huvunja nguvu za mawimbi bila kulipwa. Tena tope la mikoko likikaushwa mara nyingi huwa kali kama ndimu, na mpunga haukubali.

5. Gaweni kazi kwa majina, kila mtu ajue kipande chake.

Kumbuka, bahari haichagui shamba la nani. Kipande cha jirani yako kikibomoka, ni mpunga wako pia utakaokufa. Kwaherini, na kazi njema.