Pasi Katika Milima ya Réunion

Katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Bukini, liko bonde la Mafate, lililozungukwa na milima mirefu. Hapana njia ya motokaa. Watu huingia kwa miguu, na bidhaa huletwa kwa helikopta. Humo walijificha watumwa waliotoroka, kabla utumwa haujakomeshwa kisiwani mwaka 1848.

Mtu mmoja na mkewe walikwenda humo kupumzika (mapumziko gani hayo!). Bwana akakataa kusaidiwa mzigo. Katika mtelemko magoti yakamtetemeka, akateleza, akakaa matopeni; jua lilikuwa karibu kuchwa, na kijiji cha La Nouvelle kingali mbali. Bibi akafungua mzigo ili wagawane, akakuta pasi ya nguo.

“Bwana wangu, wataka kuipiga milima pasi?”

Wakacheka hata machozi. Bibi akachukua maji na chakula. Pasi ikachukuliwa na mwenyewe.